Mwajabu na Duara la Kati la Kibiti

Uwanja wa netiboli wa akina mama wa Salale, kijijini kwetu deltani, ulikuwa chini ya maji sehemu kubwa ya siku. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, ulijitokeza kabla ya adhuhuri. Kesho yake ulichelewa kidogo, kesho kutwa ukachelewa zaidi, na zikifika siku za maji mafu haukujitokeza kabisa. Lilikuwa bapa la tope na mchanga nyuma ya nyumba za mwisho, upande mmoja mikoko, upande wa pili kijito. Uwanja mkavu kijijini ulikuwa mmoja tu, wa shule, na huo walikuwa wameushika wanaume wa kandanda tangu zamani. Wanawake walipouulizia, kiongozi wa wachezaji aliwajibu kwa mzaha, “Bahari ikitoka, pale ilipokuwa ni penu.”

Aliyeyachukua maneno yale kama ruhusa alikuwa Mwajabu, mke wa kaka yangu Mshamu. Kesho yake alimtaka mumewe akate nguzo mbili za mkoko zilizonyooka. Mshamu akazikata, akazichimbia topeni mashimo ya kumfika kifuani, na juu yake akafunga pete mbili alizozikunja kutokana na mikanda ya pipa bovu. Alirudi nyumbani akiwa mweusi wa matope toka unyayoni mpaka kwenye nyusi.

“Sijapata kuona,” akaniambia mbele ya mkewe. “Nimemjengea nyumba mume mwenzangu kwa mikono yangu.”

“Ana heri huyo,” Mwajabu akamjibu. “Hadai chai asubuhi.”

Wakati ule alikuwa amekwishavuka miaka thelathini na mitano, mama wa watoto wanne, wa kwanza Huseni. Hakuwa mwanamke wa makelele. Lakini akikutupia kitu, iwe nazi, iwe kitasa, iwe mtoto wa paka, kilifika kifuani mwako barabara, na ungekipokea kabla hujajua kwamba umetupiwa. Sisi wa nyumbani tulizoea. Wageni walishtuka.

Mkono ule aliutoa Mohoro, alikozaliwa. Alipokuwa darasa la sita alikuwa senta wa timu ya shule. Senta ndiye anayeanzisha mpira: anasimama ndani ya duara la kati, filimbi inalia, na watu wote uwanjani wanangoja mkono wake. Mwaka ule shule ilichaguliwa kwenda Kibiti kwenye michezo ya shule za msingi. Mwalimu wao aliwaeleza habari za uwanja wa Kibiti: udongo mwekundu uliopigwa na miguu mpaka ukawa sakafu, mistari ya chokaa, na duara la kati lililochorwa kwa kamba na kijiti, la mviringo kamili. Pale Mohoro duara lao lilikuwa linachorwa kwa kisigino.

Zikiwa zimebaki siku chache wasafiri, Mwajabu alivunja ungo. Kwa desturi ya kwetu, mwali huwekwa ndani, haonwi na watu, na somo, mwanamke wa kumfunda, huingia kumfunza. Hakuna aliyemwonea katika hilo. Dada zake waliwekwa, mama yake aliwekwa, na yeye mwenyewe asingetaka kusikia kwamba hakuwekwa. Ila aliomba kitu kimoja. Alimwomba somo yake, bibi mmoja jirani aliyeitwa Mwanaamina, awaombe wazazi wamwache aende Kibiti kwanza, kisha arudi aingie ndani.

“Kibiti kuna nini?” Bibi Mwanaamina akamuuliza.

“Kuna mpira, bibi.”

“Mwali hakimbii, mwanangu. Mpira utakungoja.”

Akakaa ndani. Timu ikaenda, na nafasi yake akapewa mwenzake, Tatu. Waliporudi, Tatu aliruhusiwa kuja kumwamkia, na Mwajabu akamhoji mpaka msichana wa watu akachoka. Mpira ulidunda mpaka wapi? Duara lilikuwa pana kiasi gani, ukinyoosha miguu unafika ukingoni? Chokaa ilimshika miguuni? Tatu akajibu kwamba mpira ni mpira tu, na kwamba walikula wali kwa nyama. Baada ya hapo Mwajabu alikuwa akikunja kanga mbili kuukuu, akizifunga zikawa donge, na kulirusha kwenye ukuta wa udongo na kulidaka, taratibu, ili wa nje wasisikie.

Mpira haukumngoja. Alipotolewa ndani masomo yalikuwa yamekwisha kwake, na muda si mrefu akaja kuolewa Salale. Kwa miaka mingi Kibiti alipita mara moja tu, na mtoto mgonjwa mapajani, ndani ya lori lililokuwa likielekea Dar es Salaam. Alinyanyuka kuutafuta uwanja. Aliona pete moja tu, juu ya vichwa vya watu, kisha mabanda ya biashara yakaifunika. Lori halikusimama.

Hayo alinisimulia mwenyewe tukichambua kamba wa baharini. Ilikuwa imekwisha kuingia miaka ya ruksa, ya biashara huria, wanunuzi wa kamba wanakuja deltani na maboti yenye masanduku ya barafu, kila mmoja akijitahidi kuwavuta wachambuaji upande wake. Mmoja wa wanunuzi hao, kijana wa mjini aliyeitwa Dulla, aliwaletea wanawake wa upande wetu mpira wa netiboli mpya, ungali na harufu ya duka. Alidhani watauchekea na kuuweka kabatini. Mwajabu aliutoa mikononi mwake, akaupindua, akaukandamiza kwa vidole, akaunusa. Halafu akaunusa tena, macho chini, mpaka Dulla akaniuliza pembeni kama amemkosea.

Timu ikaundwa, na ndipo walipokwenda kuulizia uwanja. Mlinzi alikuwa Shamsia, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyejulikana hata kijiji cha Kiongoroni kwa ulimi wake. Winga alikuwa Yasmini, msichana aliyemaliza shule mwaka uliotangulia, mwepesi kama samaki kijitoni, maana ukimgeukia hayupo tena. Wengine walikuwa wake wa wavuvi na wakata miti, wote wa mtaa mmoja.

Mwajabu alijua kucheza, ila kufundisha hakujua, na mwanzoni alidhani ni kitu kimoja. Akiwaambia “rusha hivi,” anarusha yeye. Wakikosea, anarusha tena yeye, kwa nguvu zaidi. Mwalimu Muzdalifa, aliyekuwa ndiyo kwanza amepangiwa shule yetu na ambaye chuoni alisomea michezo, alikuja siku moja na kijitabu cha sheria, akasimama ukingoni huku amejipandisha sketi, akatazama.

“Mama Huseni,” akamwita. “Unaniruhusu nikuambie neno?”

“Niambie, mwalimu.”

“Wewe unawaonyesha mpira unavyokwenda. Waonyeshe miguu inavyosimama. Mpira ukishatoka mkononi hauna tena wa kuufundisha.”

Mwajabu akalifikiria. Siku iliyofuata aliwaweka wawili wawili, akawakataza kurusha chochote. Wasimame tu, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, macho kifuani kwa mwenzake. Shamsia alilalamika kwamba hajaacha mchuzi jikoni kuja kusimama kama ndege kongoti. Lakini wakasimama. Baadaye wakaongeza mikono, baadaye mpira. Mwalimu Muzdalifa aliwafundisha sheria moja moja: mtu anayeushika mpira hatembei nao, ule mguu uliotua kwanza ukiunyanyua, lazima mpira uwe umekwisha toka kabla mguu haujagusa chini tena, usimkaribie mwenye mpira kuliko inavyoruhusiwa, kila mchezaji ana eneo lake na mstari wa kutovuka.

Katika sheria zote hizo, iliyowatesa ilikuwa ya maeneo, maana mistari ya tope inafutika. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ilikuwa ile ya kutembea na mpira. Mwalimu Muzdalifa alishangaa. Chuoni, alisema, wanafunzi wapya hupigiwa filimbi ya kutembea mpaka filimbi inalowa mate. Hapa Salale hakuna aliyetembea hata siku moja.

“Wamezaliwa nayo hawa,” akasema.

“Tumefundishwa,” Mwajabu akamrekebisha, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona.

Na mimi, niliyekuwa nikikaa juu ya kisiki na saa ya mkononi kuwahesabia muda, nilikubali. Hakuna kati yetu aliyetazama chini. Mguu ukitua kwenye tope unazama mpaka kifundoni, na tope linaushika. Utatembea na nini?

Mwaka wa pili wa timu, baada ya mavuno ya mpunga, ikaja habari kwamba tarafa itafanya mashindano ya netiboli ya akina mama, Kibiti. Mwajabu aliipokea akiwa anafua. Aliweka nguo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Kibiti nacheza senta.”

“Nani amekupinga?” Shamsia akasema. “Kocha wewe, senta wewe, mpishi wewe. Siku tukifa utatuosha wewe.”

“Nyingine zote chukueni. Senta naitaka mimi.”

“Chukua, da Mwajabu. Mimi kazi yangu kuwazuia watoto wa watu wasifunge. Nikisimama tu, kivuli changu kimekwisha wafunika.”

Toka siku hiyo alibadilika. Alianza kuamka mapema, kabla watu wa sala ya alfajiri hawajatoka. Alipunguza kusema. Akibeba ndoo ya maji nilimwona akigeuza mwili kwa ghafla, kushoto, kulia, kama anayemkwepa mtu. Mshamu akanitazama, tukacheka, ila tulicheka kimya. Dulla akawaletea kutoka soko la Karume fulana za mitumba za rangi ya bluu, na raba zisizolingana sana, na Mwalimu Muzdalifa akashona herufi za nafasi kwenye vitambaa vya kuvaa kifuani. Cha senta Mwajabu alikichukua kabla hakijamalizwa kushonwa, akamaliza mwenyewe.

Tulivuka kwa boti mpaka Nyamisati na kutoka pale lori likatupeleka. Walikuwa wakiimba. Tulipokaribia Kibiti Mwajabu aliacha kuimba, akashika ubavu wa lori kwa mikono miwili.

Uwanja ulikuwa kama alivyoambiwa tangu utotoni: udongo mwekundu, mgumu, umefagiliwa, mistari ya chokaa mipya. Watu walikuwa wamejaa pande zote. Mwajabu alishuka akaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa duara la kati, akavua kandambili, akasimama nje ya mstari. Hakuingia. Alirudi akatuambia, “Ni dogo kuliko nilivyofikiri,” akacheka, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi au kwa kingine.

Tulipangiwa kucheza na wenyeji. Watazamaji walipojua sisi ni watu wa deltani, wakatuanza.

“Haya, kaa wametoka shimoni!” mama mmoja aliyekaa juu ya kreti la soda akapaza sauti. “Mtakwenda mbele nyie, au ubavu ubavu?”

“Kaa anabana, mama yangu,” Shamsia akamjibu akiwa anafunga kamba za raba. “Ficha vidole.”

Watu wakacheka, mama wa kreti kuliko wote. Mwalimu Muzdalifa alichukuliwa mezani kuandika magoli, pamoja nami niliyekabidhiwa saa, kwa hiyo hatukuruhusiwa kuwasemesha wachezaji. Mwajabu aliingia duarani. Alishika mpira kwa mikono miwili kifuani. Nilikuwa namtazama yeye nikasahau kutazama saa. Mwalimu Muzdalifa akanigusa. Filimbi ikalia.

Pasi yake ya kwanza ilikwenda kama mshale mpaka kwa Yasmini. Yasmini akaudaka hewani, akatua, na kwa kasi aliyokuwa nayo mguu ukasogea hatua moja mbele, kisha nyingine. Filimbi. Ametembea. Mpira wa Kibiti.

Hatukulijali. Lakini dakika hiyo hiyo Shamsia aliunyaka mpira golini, akageuka, raba zikamteleza, filimbi. Mfungaji wetu akadaka chini ya pete akiwa peke yake, akajikuta amepita mpaka nje ya mstari, filimbi. Kibiti wakawa wanapitisha mpira wa kudunda chini ya mikono yetu, kitu ambacho wachezaji wetu hawajawahi kukiona, kwa sababu kwenye tope mpira ukianguka haunyanyuki. Wetu wakawa wanainama kuuokota pale ulipoangukia, ilhali umekwisha pita.

“Miguu!” Mwajabu alipiga kelele. “Simamisheni miguu! Nitazameni mimi!”

Akakimbilia mpira uliokuwa katikati, akaruka, akaudaka vizuri kabisa. Akatua. Mguu wake wa kulia ukashika chini, wa kushoto ukapita, wa kulia ukafuata. Filimbi.

Akamtazama mwamuzi kama aliyesikia vibaya. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu alijizuia kwa nguvu, akaanguka kwa goti. Mama wa kreti akasema, bila ubaya, “Huyu ndiye kaa mkubwa wao,” na safari hii Shamsia hakumjibu. Katika robo ile ya kwanza ya mchezo, kwenye timu yetu, aliyepigiwa filimbi ya kutembea kuliko wote alikuwa Mwajabu. Wenzake walikuwa wamejifunzia kwenye tope miaka miwili. Yeye alidhani miguu yake imehifadhi udongo wa Mohoro, nayo ilikwisha usahau.

Robo ilipokwisha walikuja pembeni, karibu na meza yetu, wakaketi chini. Tulikuwa nyuma magoli saba. Shamsia akavua raba na kuzitupa.

“Hivi viatu vinakwenda vinakotaka vyenyewe.”

“Si viatu,” Mwajabu akasema.

Alikuwa anatazama uwanjani, pale alipotua mara ya mwisho. Kwenye tope, alama ya mguu ni shimo. Pale ilikuwa ni mburuzo mrefu juu ya vumbi, kama wa kitu kilichokokotwa. Niliona anavyoutazama kutoka mwanzo wake mpaka mwisho, na niliona alipoelewa.

“Jamani,” akasema polepole. “Kule kwetu tope ndilo linalosimamisha. Sisi hatujawahi kusimama wenyewe.”

Yasmini akashika kichwa. “Sasa tufanyeje, da Mwajabu? Tuchukue tope tulete huku?”

“Nyie mkiruka kutoka mtumbwini kwenda kwenye gogo la gatini, gogo limeloa, mnatuaje?”

Wakatazamana. Swali lile halijawahi kuulizwa na mtu, kwa kuwa kila mtoto wa Salale anaruka hivyo kabla hajajua kuhesabu.

“Miguu miwili,” Yasmini akasema. “Pamoja. Unachuchumaa kidogo.”

“Kwa nini usitangulize mmoja?”

“Si utaingia majini!”

“Basi hapa kote ni gogo limeloa. Kila mpira unaoudaka, unatua kwenye gogo. Miguu miwili pamoja, magoti chini, ndipo utazame pa kuutoa. Vueni raba. Simameni, rukeni.”

Wakaruka pale pale pembeni, bila mpira, wanawake wazima katika fulana za bluu, wakitua tii, tii, na watazamaji wakicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Yeye naye akaruka pamoja nao. Alipotua, goti lile aliloangukia likakataa. Mguu mmoja ukatangulia. Akaruka tena. Likakataa tena. Wenzake walikuwa wanatua sawa, na Yasmini alikuwa anatua kama aliyezaliwa juu ya gogo.

Mwajabu akaacha kuruka. Mwamuzi alikuwa anaita timu. Nilimwona akiinamisha kichwa, akafungua kamba za kitambaa chake cha senta, moja upande huu, moja upande ule. Vidole havikuwa na haraka.

“Yasmini, njoo. Wewe ingia senta. Sikujua achukue winga.” Jina la mchezaji wetu wa akiba lilikuwa Sikujua.

“Da Mwajabu, hapana,” Yasmini akasema. “Senta ni yako. Umeisema toka kule.”

“Nimeisema. Geuka nikufunge.”

“Mimi siwezi kukunyang'anya.”

“Hunyang'anyi kitu. Geuka, mwanangu, watu wanangoja.”

Akamfunga, akaukaza upande mmoja uliolegea, akamsukuma kidogo mgongoni. Akabaki na fulana tupu.

Robo ya pili filimbi za kutembea zilipungua. Ya tatu zikawa za kuhesabika, na kikaonekana kitu kingine: wanawake waliojifunza mahali ambapo mpira hautakiwi kuanguka kabisa hawakuuangusha. Pasi zao zilikuwa ndefu na za juu, zikifika kifuani, na mikono iliyozoea kuvuta nyavu na kubeba miti ilizirusha toka eneo moja la uwanja mpaka mwisho wa eneo la pili. Watu wa Kibiti wakaanza kunyamaza kila Shamsia anapoushika, wakitaka kuona utafika wapi. Magoli saba yakawa manne.

Mwajabu alikuwa anakwenda na kurudi kandokando ya mstari. Sauti yake ilikuwa tofauti na ile ya kiwanja chetu cha tope. Hakusema tena “nitazameni mimi”. Alisema, “Gogo, Yasmini, gogo.” Alisema, “Sikujua, usiinamie mpira wa kudunda, rudi nyuma uungoje.” Alikuwa anamwambia kila mtu kitu kimoja tu, kile cha wakati ule, na kunyamaza.

Mapumziko ya mwisho Yasmini alikuja mbio, akihema, tayari anafungua kitambaa.

“Ingia, da Mwajabu. Robo iliyobaki. Tutakufichia goti.”

“Ingia, mwenzetu,” Shamsia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. “Hata tukifungwa. Si tumekuja kwa ajili yako?”

Wengine wote wakamtazama. Yasmini alimnyooshea kitambaa. Mwajabu akakipokea, akakishika kwa mikono miwili, kidole gumba kikipita juu ya ile herufi aliyoimalizia kushona. Kule uwanjani, mtu wa Kibiti alikuwa anarudishia chokaa mahali duara lilipofutika. Mwajabu akalitazama duara mpaka yule mtu akamaliza na kuondoka. Alikuwa anataka. Hakulificha hilo; ningekuwa mtu wa kando nisiyemjua kabisa, bado ningesoma usoni mwake kwamba anataka.

“Robo hii umetembea?” akamuuliza Yasmini.

“Sijatembea.”

“Hata mara moja?”

“Hata moja, dada.”

Akamvika tena kitambaa kupitia kichwani. Alimfunga kamba, na Yasmini akaingia uwanjani huku analia na kufuta pua kwa kiganja.

Katika robo ile ya mwisho, kila filimbi ilipolia senta aanzishe, nilimwona Mwajabu pale mstarini akisogeza mguu wake wa kulia mbele, kidogo tu, na mikono ikipanda kifuani. Kisha mpira ulipotoka kwa Yasmini, mikono yake ilishuka. Sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo. Tulifungwa kwa goli moja. Mama wa kreti alivuka uwanja kuja kumkumbatia Shamsia, akasema mwaka kesho atafuga kaa nyumbani.

Wachezaji wetu walikwenda kwenye maji, kisha kwenye chakula tulichoandaliwa, kisha wakaanza kupanda lori. Waliimba kuliko wakati wa kuja. Mwajabu hakuwepo. Nikarudi kumtafuta.

Uwanjani zilikuwa zimeingia timu nyingine mbili, Bungu na timu moja ya mjini pale. Mwajabu alikuwa amesimama mahali watazamaji walipokuwa wachache, nyuma ya pete, kanga begani.

“Shemeji,” nikamwita. “Lori linaondoka.”

“Subiri kidogo, shemeji. Mtazame yule senta wa Bungu. Tazama miguu, usitazame mpira.”

Nikatazama. Alikuwa mwanamke wa umri wake, labda zaidi, mfupi, mwenye mashavu ya miguu manene. Aliruka akadaka, akatua na miguu yote miwili, akasimama kama nguzo.

“Na yeye si binti,” Mwajabu akasema.

“Si binti.”

“Hakuna tope Bungu. Alijifunza.”

Nikamwambia kwamba leo alifanya kazi kubwa, kwamba bila yeye tungefungwa magoli yasiyosemeka, na kwamba hata Mwalimu Muzdalifa amesema hajawahi kuona kocha akigeuza mchezo namna ile.

“Ahsante,” akasema. “Nimefurahi. Kweli nimefurahi, shemeji, nimewaona wanangu wanacheza Kibiti.” Macho yake hayakutoka kwenye duara. “Ila nilikuwa nataka kucheza mimi.”

Dereva akapiga honi. Nikatangulia hatua chache, nikageuka kuona kama ananifuata. Alikuwa amejipandisha kanga magotini. Aliruka pale pale nyuma ya pete, akatua, mguu mmoja ukatangulia. Akauma meno, akalipapasa lile goti. Akaruka tena. Honi ikalia mara nyingine, ndefu, na kutoka kwenye lori Shamsia akawa anaita jina lake. Akainua kiganja kuwaambia wangoje, akaruka.